Bakuli la Bokoboko kutoka Pate

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum. Leo sauti yangu imechoka, mtaniwia radhi. Tunamkumbuka Bi Umulkheir wa Wiyoni, Lamu, mzaliwa wa Pate, aliyefariki mwezi uliopita. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Ishirini kati ya hiyo aliipitisha akijikuna.

Si mchezo, kujikuna miaka ishirini. Miundi yake yote miwili ilijaa vipele vigumu, vyeusi, vimejipanga kama punje za mtama. Tumbo nalo likiendesha, likijaa, likimkondesha. Watu wakasema ni upele. Wengine wakasema ni jicho la watu. Alipakwa mafuta ya kila rangi. Harusini wakawa hawaitaki sahani aliyoishika yeye. Naye akajua, akaacha kwenda. Hilo linaniuma hata sasa.

Mtu mmoja hakumkimbia: dada yake mkubwa, Bi Fahima, aliyebaki Pate. Nanyi mwajua mgonjwa kwetu hulishwa nini. Bokoboko. Ngano na nyama, vipikwe, vipondwe mpaka vishikane, na samli juu. Kila Alhamisi Bi Fahima alitia bakuli kwenye boti ya Amu, yaani Lamu. "Mgonjwa bila bokoboko atapata wapi nguvu?" ndivyo alivyokuwa akisema. Na Bi Umulkheir akala. Miaka yote hiyo, akala.

Miaka mitatu iliyopita, daktari mmoja wa Amu, Nerea, mtu wa bara, alikata kipande kidogo cha ngozi ya muundi, akakipeleka Mombasa kupimwa. Jibu likaja: amiloidi. Yaani protini iliyojikusanya ndani ya ngozi ikakataa kuondoka. Daktari hakuishia hapo. Akauliza habari za tumbo, akapima damu, akamtuma Mombasa utumbo ukaangaliwe. Jibu la pili: siliaki. Utumbo wake haukupatana na ngano. Ngano, wasikilizaji. Kila kijiko kilikuwa kikiuumiza.

"Sikuapii kwamba ngano ndiyo iliyoleta ngozi hii," daktari alimwambia. "Watu wenye maradhi yote mawili walioandikwa na madaktari ni wachache sana. Lakini mama, ngano uache leo."

Akaacha. Chapati na mahamri, akaacha. Baada ya miezi tumbo likatulia, mwasho ukapungua, alama zikabaki. Lakini bakuli la Pate je? Hapo akakwama. Jirani yake, Bi Nana, alimsihi amwarifu dada yake. Akajibu, "Nimwambie amenilisha maradhi kwa mkono wake miaka ishirini? Siwezi, Nana. Atakufa yeye kabla yangu."

Basi bokoboko likawa la Bi Nana na wanawe. Na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu, bakuli lilirudi Pate na vitumbua vya mchele. Bi Fahima akala vitumbua huku akitangaza mji mzima, "Mwamuona Umu alivyonawiri? Ni bokoboko langu hilo."

Mwezi uliopita Bi Umulkheir akashikwa na homa ya mapafu. Bi Fahima akaja mwenyewe, bakuli mkononi. Akaketi kitandani, akaanza kumlisha. Bi Nana alikuwa mlangoni. Bi Umulkheir akamtazama dada yake, akafungua kinywa. Vijiko vitatu. Siku ya pili yake akafariki. Daktari anasema ni mapafu, si bokoboko, nami namsadiki. Bi Fahima angali anauliza kama si vile vijiko vyake.

Siri ilitoka siku ya tatu ya matanga, Bi Nana alipomrudishia bakuli lake akamweleza yote.

Kwa jamaa wote wa Pate na Wiyoni, poleni sana. Mola amrehemu Bi Umulkheir, awape nanyi subira. Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako pana mgonjwa, muulize chakula chako kinamkaaje. Na wewe mgonjwa, sema. Usimwonee mtu huruma mpaka ukajidhuru.

Bi Fahima ndiye aliyetaka haya yasemwe hewani. Nilimuuliza angefanya nini lau angeambiwa mapema. Alikuwa amelipakata lile bakuli.

"Ningalilia siku moya," alinambia. "Ya pili ningalimpikia wali."