Yule wa Ng'ambo Ameingia Darasani

Ting! Simu ililia mara moja gizani, juu ya kabati, kisha nyumba ikanyamaza. Pampu aliinyanyua, akasoma jina lililong'aa kwenye kioo, akailaza kifudifudi kama mtu anayefunika sahani iliyoingia nzi. Hakulala tena. Asubuhi, mji wa Corvale ulipoanza kunukia donati za moto na vumbi la mashamba ya lozi, alikuwa tayari kijiweni: benchi la chuma mbele ya duka la Bi Chanthou, linalotazama barabara kuu na malori yake. Walimwita Pampu kwa sababu hakukuwa na pampu ya maji katika upande ule wa California ambayo hajawahi kuitengeneza na kuitukana. Waliomkuta pale walikuwa wawili. Jaji aliwahi kuitwa kukaa na wazee wa baraza mahakamani, kesi ya mashine ya kukatia nyasi, na tangu siku hiyo hajashuka kitini. Goti alikuwa na goti linalotabiri mvua; limeshatangaza nyingi kuliko zilizonyesha.

— Umewahi leo, alisema Jaji. Mtu akiwahi hivi ana njaa au ana hatia.

— Nipishe nikae.

— Hatia, basi.

— Mwache, alisema Goti, akivuta mguu wake mbovu. Ni hilo darasa lake. Tangu ajiunge na chuo, uso umekuwa kama betri iliyobaki mstari mmoja.

Ni kweli Pampu alikuwa mwanachuo, yeye na wajukuu wake. Shirika la maji, ambalo alikuwa amelifungulia na kulifungia milango ya mfereji nusu ya umri wake, lilitaka msimamizi mpya, na likasema msimamizi huyo lazima awe amefaulu somo moja: Utangulizi wa Sayansi ya Mazingira. Asipofaulu, kiti kitakwenda kwa kijana mmoja kutoka Sacramento, mwenye kijindege cha kupiga picha na viatu visivyojua tope. Basi Pampu akajiandikisha chuo cha jamii, darasa la mtandaoni, akawa anasomea mezani jikoni, kati ya chupa ya pilipili na dawa za mkewe.

Kijiwe kizima kilisoma naye, kwa maana kwamba kilimsumbua. Wiki ile wanafunzi walipotakiwa kupima zingehitajika dunia ngapi kama watu wote wangeishi kama wao, Jaji naye alijipima, akapata dunia sita, akafurahi akawanunulia watu donati.

— Imebaki kazi moja tu, alisema Pampu. Jibu moja la video. Mwisho leo saa sita mchana.

— Sasa si ujibu? Mdomo huo unautunzia nini?

— Kanuni ni kuwajibu wenzako wawili. Na wenzangu wamekwisha! Tulianza tumejaa jukwaa zima. Mmoja kapata kazi, mwingine kapata mtoto, waliobaki wameyeyuka tu kama barafu kwenye soda. Nimemjibu yule msichana anayesomea ndani ya gari. Amebaki mmoja, ameweka video yake usiku.

— Nani?

Pampu alitazama lori likipita mpaka likaisha.

— Yule wa Ng'ambo.

Goti aliacha kujisugua goti. Bi Chanthou, aliyekuwa ametoka na birika kuwaongezea kahawa, alirudi ndani bila kummiminia mtu.

Yule wa Ng'ambo ni mdogo wake Pampu, baba mmoja mama mmoja, na nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, inaonekana ukisimama juu ya ukingo. Baba yao aliwaachia kisima kimoja cha kugawana. Kiangazi fulani, bomba la kisima lilikutwa limechomoza juu ya ardhi, na zege lililolizunguka limepasuka na kuning'inia hewani. Pampu alisema mdogo wake amelipiga jeki usiku ili akiharibu kisima. Mdogo wake alisema hivyohivyo, ila aliyepiga jeki ni Pampu. Wakaitana majina ambayo marehemu mama yao hakuwapa. Tangu hapo hawajasemezana, na kinyozi mmoja aliyethubutu kulitaja jina la ndugu huyo mbele ya benchi alimwagiwa kahawa mapajani. Watu wakajifunza. Hata Goti alikuwa akiapa kwamba jina lenyewe ameshalisahau.

— Ngoja kwanza, alisema Jaji. Yule? Aliyeacha shule ili amlee ndama? Yule ameingia chuo?

— Tangu mwanzo, kumbe. Alikuwa anajiandika herufi mbili tu. Mimi nikadhani ni mwanamke.

— Ulimjibu?

Pampu alijikuna shingo.

— Wiki ya tatu nilimwandikia kwamba ana akili sana.

Goti alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Na yeye?

— Akaniambia hoja zangu zimemgusa. Nyamaza, Goti! Mimi nilikuwa nimejiandika jina langu la kanisani, nililopewa juzijuzi, hakuna anayelijua. Sasa mwalimu kasema kazi hii ya mwisho ni ya sura na jina halisi. Jirekodi, mtaje mwenzako kwa jina lake, kisha ujibu swali lake. Usipomtaja, sifuri.

— Sema "ndugu mwanadarasa".

— Nilishawahi kumwita yule msichana "binti". Nikapewa sifuri, na maandishi chini yake: "Binti si jina." Sifuri nyingine na mimi nimeanguka. Kijindege kitakuwa kinanifungulia milango yangu.

Jaji aliweka kikombe chake chini. Walijua maana yake: mahakama imekaa.

— Nisikilize, mzee mwenzangu. Huu ni mtego. Huyo hana haja na mazingira. Kisheria, anayemtaja mwenzake kwanza ndiye aliyekubali kosa. Amejiandikisha akijua utafika mahali utamke. Video ikishakuwa hewani, kesho unamkuta mlangoni na wakili.

— Wakili atamlipa na nini, maziwa?

— Wapo mawakili wanaokunywa maziwa.

— Wewe Jaji unaona karibu sana, alisema Goti. Tazama mbali. Chuo kinataka watu wasiache darasa, sivyo? Watu wote wameyeyuka. Waliobaki ni nani? Maadui! Kila mmoja anangoja mwenzake akate tamaa kwanza. Chuo kimegundua hilo. Wana mtu ofisini anayetafuta ndugu waliogombana na kuwatumia matangazo ya masomo.

— Lile tangazo lilinijia kwenye simu kweli, alisema Pampu polepole.

— Umeona! Mimi mwenyewe shemeji yangu tusiyesalimiana ameanza kuletewa matangazo ya ususi wa vikapu. Na mimi yananijia!

— Hayo yote madogo, alisema Jaji, ambaye hapendi kuzidiwa. Huyo mwalimu mmeshamwona?

— Tunaona maandishi yake.

— Maandishi! Mimi nawaambia hakuna mwalimu. Alikuwepo, akastaafu, akahamia Arizona, mashine ikabaki inasahihisha. Na hata huyo wa Ng'ambo siye. Mashine imechukua sura yake. Imeshajua unamchukia, ndiyo maana imemleta yeye na si mimi.

— Ingekuleta wewe ningejibu haraka. Ningesema Jaji, dunia sita zimekuharibu.

— Na maji je? Goti alisimama kabisa, jambo ambalo goti lake halimruhusu kila siku. Hamuoni? Mashine hizo zinakunywa maji, nimesikia redioni. Nani anashika milango ya maji hapa? Pampu! Mwangushe Pampu kwenye mtihani, weka kijindege, mfereji wote unakwenda kwa mashine. Yule wa Ng'ambo ni chambo tu. Labda alishakufa, masikini!

— Nilimwona jana anaanika soksi, alisema Bi Chanthou kutoka dirishani.

— Soksi ni rahisi sana kuigiza, Bi Chanthou.

Pampu alikuwa hacheki tena. Saa ya ukutani dukani ilikuwa imeshapita saa tano. Aliona kiti cha usimamizi, na juu yake viatu safi vya Sacramento. Kisha alilikaribia jina lile, kimoyomoyo tu, akalikwepa. Alikuwa ameshalizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu, akajifunza kutafunia upande mwingine.

Lori la nyanya liliegeshwa kando ya barabara, likidondosha maji mekundu kwenye lami. Akashuka dereva, mwanamke mwenye kofia ya majani na suruali yenye vumbi, akaja kuagiza kahawa. Alijitambulisha kwa Bi Chanthou kuwa anaitwa Ofelia na kwamba njia hii ni ngeni kwake. Akasimama na kikombe chake akisikiliza habari za mashine, mawakili na soksi, akigeuza kichwa huku na huku kama anayetazama mpira.

— Samahani wazee wangu, alisema mwishowe. Huyo ndugu kwenye hiyo video amesema nini?

Benchi zima likamgeukia Pampu.

— Eeh, alisema Jaji. Amesema nini?

— Sijaifungua.

— Hujaifungua!

— Niliona jina, ikanitosha.

— Yaani sisi tangu asubuhi tunahukumu kesi ambayo shahidi wake bado yuko kwenye bahasha? Goti alikaa chini kwa uchungu. Na mimi nimeshamuua kabisa!

— Fungua, baba, alisema Ofelia. Nyanya zangu zinaiva.

Pampu aliifungua. Walisogeleana vichwa, Bi Chanthou akiwa nyuma na taulo lake begani. Kwenye kioo cha simu akatokea mzee mwembamba mwenye masikio ya Pampu, amesimama kwenye nyasi kavu, akishika simu karibu mno, pua ikiwa kubwa kuliko shamba. Nyuma yake lilikuwepo bomba la kisima, limechomoza kutoka ardhini hadi kiunoni kwake, na zege lililopasuka likining'inia kama sahani iliyobandikwa ukutani.

— Habari za darasa, alisema yule mzee kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kupiga picha ya pasipoti. Kazi yangu inahusu sura ya sita. Hili bomba zamani lilikuwa sawasawa na ardhi. Siku zote nilimjua mtu aliyelivuta juu. Nilikuwa na hakika naye hata usingizini. Sura ya sita inasema hakuna aliyelivuta. Inasema tukinyonya sana maji ya chini, ardhi inajikunja na kushuka, na bomba linabaki palepale lilipokuwa. Bomba halikupanda. Ni sisi tulioshuka, mimi, nyumba, na ng'ombe. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa. Sikuliona. Sijafurahi.

Alisafisha koo. Mbwa alipita nyuma yake.

— Mwalimu anataka tumalize kwa swali. Swali langu ni hili. Kuna yeyote darasani aliyeliona bomba hili wakati lilipokuwa sawa na ardhi? Nikisema peke yangu nitaonekana mzee mwongo. Kama yupo, aseme. Ni hayo tu.

Video ikakatika kwenye pua.

 Pampu alikuwa ameisoma sura ya sita. Aliisoma yote, akapata alama za juu kwenye maswali yake, akaweza hata kuyataja kwa kasi mashamba yaliyozama na barabara zilizopasuka. Haikumwingia akilini hata kidogo kwamba kisima cha baba yao kilikuwa kwenye ardhi hiyohiyo ya kitabuni. Alikuwa akisoma habari za ardhi. Kisima kilikuwa habari za mdogo wake. Akaliona bomba lile kama lilivyokuwa: wao wawili wamekaa juu ya zege, miguu mitupu, zege likiwa baridi wakati dunia nzima inaungua, na baba akiwakemea washuke.

— Hajaomba msamaha, alisema Jaji, lakini kwa sauti ndogo.

— Hajaulizwa, alisema Bi Chanthou.

— Mtu mwenyewe yupo mmoja tu, alisema Ofelia. Aliyeliona. Au nimekosea?

Pampu alisimama. Aliegemeza simu kwenye kopo la vitambaa vya karatasi juu ya ukingo wa dirisha, akavua kofia, akaivaa tena, akabonyeza kile kitufe chekundu.

— Mimi, alianza, mimi ni mwanafunzi wa...

Akafuta.

— Mwite mwanadarasa, alinong'ona Jaji. Hujachelewa. Useme halafu ukohoe.

— Jaji, alisema Goti, leo funga hiyo mahakama.

Pampu alibonyeza tena. Alijiona kwenye kioo, mzee mwenye masikio yaleyale, na nyuma yake vichwa vinne vikijifanya kutazama barabara. Akaanza kuirekebisha kofia. Bi Chanthou aligeuka akaangalia saa ya dukani, kisha akamtazama Pampu, akamtikisia taulo kama anayemsukuma ng'ombe mkaidi kupita mlangoni. Pampu alivuta pumzi ya vumbi, donati na nyanya zilizoiva, akaishika, akaiachia.

— Laurindo.