Maeng Deok-su, Aliyeisikilizia Boti Inayochechemea

Kila asubuhi, kabla ya kugusa chakula, babu yetu Maeng Deok-su alishuka gatini na mwanzi wake uliotobolewa ndani, akatumbukiza ncha moja baharini, nyingine akaitia sikioni. Akirudi, bibi humwuliza, "Baba Ho-cheol, umesikia nini?" Naye hujibu, "Wapita njia tu."

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 kisiwani Wido. Baba yake alitafuta samaki kwa mwanzi huohuo, maana samaki wa kwetu hukoroma wakitaga mayai. Babu alisoma hapa kisiwani hadi darasa la sita, nyavu zikamwita.

Mwaka 1967 aliingia jeshi la majini, Jinhae. Alivishwa visikilizio mbele ya mashine isiyotoa sauti yoyote. Hunyamaza tu na kusikiliza meli zinavyokwenda chini na juu ya maji. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, aliripoti nyambizi, meli nzima ikakurupuka. Kumbe samaki wanakoroma.

"Mtoto wa mvuvi wewe!" nahodha akafoka. "Samaki wa kwenu huwajui?"

"Nawajua, afande. Hawa wamenenepa."

Wenzake walimwita Nyambizi Nono hadi anastaafu, mwaka 1993.

Tarehe 20 Oktoba 1974 alimwoa Ok Bun-rye wa Gyeokpo, wakajaliwa mwana mmoja, Ho-cheol, baba yetu. Siku moja boti ya baba iligonga mwamba, rafadha ikamegeka panga moja. Alipotaka kuibadilisha, babu alimkataza. "Iache. Sasa inachechemea. Nitakujua ungali mbali, mama yako aweke supu motoni." Na kweli, baba alikuwa akifika supu inachemka.

Novemba 2011 baba alitoka kuvua, dhoruba ikaingia. Boti haikuonekana tena. Ndipo babu alipoutoa mwanzi wa baba yake darini.

Tangu mwaka 2020 masikio yake yalififia, kisha moyo. Daktari alimkataza baridi. Mama akauficha mwanzi nyuma ya mitungi ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, lakini babu akauona.

Mauti yalimkuta gatini, Jumanne tarehe 14 Novemba 2023. Ameacha mjane, mkwewe Pyo Mi-suk, mama yetu, sisi wajukuu wawili, na Ho-cheol, ambaye hajawahi kutandikiwa meza ya chakula cha kuwakumbuka wafu kwa sababu babu alikataa.

Asubuhi hiyo alisimama ghafla. "Inachechemea. Naisikia."

"Wewe?" bibi akacheka. "Hata nikikuita kula husikii!"

"Wewe huchechemei, Mama Ho-cheol. Weka supu motoni."



Alichukua mwanzi, akatoka. Bibi akaweka supu, akapanga bakuli mbili. Babu hakurudi.

Apumzike palipo kimya, asikie vizuri.