Sajini Akabidhi Karakana

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja ya kuuchomelea mji huu milango, mageti na vitanda, Sajini wetu anastaafu. Sisi wa karakana tulionywa tuandike kwa ufupi, maana mwenyewe hapendi hotuba ndefu. Tumejitahidi, lakini mama huyu ana mengi.

Cheo chake si cha utani. Aliingia jeshini akiwa binti mbichi, akapangiwa kitengo cha matengenezo ya magari, na huko ndiko alikojifunza kuunga chuma. Vita vya mpakani vilipozuka, alikwenda yeye na mdogo wake wa kiume. Sajini alikuwa nyuma, akiunga chasi za malori. Mdogo wake alikuwa mstari wa mbele. Dada alirudi na medali na kovu la moto mkononi. Mdogo hakurudi, wala mwili wake haukuletwa.

Alipoacha jeshi alianza na mashine ya kukodi, chini ya banda la bati nyuma ya soko. Siku za mwanzo watu walikuja kutazama zaidi kuliko kununua. Mteja wake wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya umeme, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti, "Mwenye karakana yuko wapi?" Sajini alifunua kinyago cha kuchomelea, akamjibu, "Umemkanyagia waya wake." Bwana yule aliruka kando, akaagiza geti, na hadi leo ni mteja wetu.

Banda lilikua. Sajini akatengeneza madirisha ya zahanati, madawati ya shule ya msingi, na njia ya mteremko ya chuma pale posta, ambayo aliijenga bila kuagizwa na mtu baada ya kumwona mzee wa kiti cha magurudumu akibebwa kama gunia. Kila asubuhi tulipanga mstari tukaguliwe miwani ya kukinga macho. Asiye na miwani alifagia. Na hakuna kiti kilichotoka hapa kabla Sajini hajakikalia mwenyewe, kwa uzito wake wote, ambao sisi vijana wake hatutautaja.

Lakini linalomwonyesha Sajini alivyo hasa ni lile la Jirani.

Jirani tulimpa jina hilo kwa sababu anatoka nchi ya pili, ng'ambo ya mpaka. Alifika akitafuta kazi, begi moja begani. Kabla hata hajaketi alisema, "Mama, nilikuwa jeshini, upande ule. Nakwambia mapema, usije ukasikia kwa watu." Sajini akampa vipande viwili vya bomba aviunge. Alipomaliza, Sajini aliugeuza ule muungo, akaukagua muda mrefu, kisha akasema, "Njoo kesho asubuhi. Na usichelewe."

Mji ulichafuka. Mafundi wetu wawili waliacha kazi. Mkandarasi mmoja alifuta oda ya nondo za madirisha ya soko, kazi tuliyokuwa tukiitegemea. Lililouma zaidi lilitoka nyumbani. Mama yake Sajini, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa na benchi lake hapa karakanani. Kila asubuhi alikuja kukaa na kutugombeza kwamba hatuli. Siku aliposikia habari za Jirani alikuja, lakini hakukaa.

"Umemleta muuaji wa mwanangu," alimwambia bintiye mbele yetu, "halafu unamlipa mshahara?"

"Mama, aliyemuua simjui," alijibu Sajini. "Na malori niliyoyatengeneza mimi yalipeleka watu kwenda kuua watoto wa wenzetu. Nikimfukuza huyu, na mimi nani anifukuze?"

"Basi hapa sikanyagi tena."

Na kweli hakukanyaga. Benchi lilibaki tupu. Sajini aliendelea na kazi, ila utani ulimwisha. Jirani mwenyewe alimwendea akamwambia ataondoka, mama na binti wapatane. Sajini alimjibu, "Ukiondoka kwa sababu kazi imekushinda, sawa. Kwa sababu nyingine, sitaki kusikia."

Kisha ukaja upepo uliong'oa mabati mtaa mzima. Sajini na mafundi walikuwa mbali, wakifunga vitanda vya hospitali ya wilaya. Jirani alikuwa amebaki kulinda karakana. Yaliyofuata tuliyasikia kwa Bibi mwenyewe, na aliyasimulia mara nyingi, kila mara akiongeza chumvi kidogo.

Alisikia nyundo nje ya nyumba yake, akatoka, akamkuta Jirani amepiga magoti penye geti lake lililoanguka.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Bibi. Nimepita nikaliona limelala."

"Mimi unanijua?"

"Nakujua."

Akaendelea kugonga bawaba. Bibi alisimama pale, hajui amfukuze au amwache. Mwishowe akauliza, "Kwenu nani hakurudi?"

"Kaka yangu mkubwa. Na baba."

Bibi alilishika geti upande wa pili, akalinyoosha, akaling'ang'ania hivyo mpaka bawaba ya mwisho ikakazwa. Kesho yake alirudi kwenye benchi lake, na wa kwanza kugombezwa alikuwa Jirani: mbona amekonda hivyo, kwani huko kwake hakuna mtu wa kumwambia ale?

Mkandarasi alirudi pia, ingawa yeye alirudishwa na geti bovu alilouziwa kwingine. Sajini alimpokea vizuri sana, akamwambia asubiri foleni.

Amani ilipotulia mpakani, Jirani aliwauliza ndugu zake, nao wakauliza wengine, hadi likapatikana shamba walikozikwa askari wa upande wetu. Walikwenda watatu kwa pikapu ya karakana: Sajini akiendesha, Bibi katikati, Jirani akionyesha njia. Makaburi hayakuwa na majina. Bibi alichagua sehemu penye kivuli, akasema, "Mwanangu yuko hapa," na hakuna aliyembishia. Walizungushia eneo lote uzio, Sajini akichomelea kuanzia upande huu, Jirani upande ule, wakakutana kwenye nguzo ya mwisho. Bibi alipofariki miaka michache baadaye, Jirani alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Wala hapakuwa na aliyeuliza kwa nini.

Leo karakana ina mafundi wengi, wakiwamo mabinti wanne waliofundishwa na Sajini mwenyewe. Mmoja ana karakana yake mji wa pili na anatunyang'anya wateja, jambo ambalo Sajini hulisimulia kwa majivuno yasiyofichika.

Jumatatu Sajini alimkabidhi Jirani funguo. Tulitegemea maneno. Badala yake Jirani aliweka nyundo chini, akasimama wima, akapiga saluti ya jeshi lake, ile ya kule kwao, ambayo hatukuwahi kumwona akiipiga. Sajini alinyoosha mgongo, akaijibu kwa saluti ya jeshi lake. Walikaa hivyo kitambo, wazee wawili wenye mvi, mikono kwenye vipaji vya uso. Kisha Sajini akageuka, akatukemea kwa nini mashine zimezimwa mchana kweupe.

Sajini wetu, ahsante kwa ufundi, kwa ukali, na kwa kutufundisha kuishi na watu. Lala mpaka jua litoke. Wadekeze wajukuu. Maisha yako ya mapumziko na yawe marefu na yenye furaha. Mashine zinanguruma.