Fundi Aliyekalia Pampu ya Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne tulimpoteza mkulima wa nyanya, fundi wa pampu, aliyeitwa Fundi Kamba. Kila asubuhi alishusha kamba yenye mafundo kisimani, akahesabu yaliyolowa. Mkewe alikuwa akitania, "Huyo anakwenda kumwamkia mke mwenza wangu." Fundi alicheka, lakini hakuacha hata siku moja.

Miaka tisa iliyopita, kiangazi kilikuwa kikali. Mafundo kumi yaliyolowa yakabaki manne. Manne tu, na mavuno yalikuwa bado wiki tano. Fundi alijua sababu. Mdogo wake, jirani yake wa shamba, alikuwa akifurisha mifereji saa sita mchana, jua likinywa zaidi ya nyanya. Na maji ya chini hayajui mpaka wa shamba.

Akaenda kwa mdogo wake, akakalia pampu.

"Kaka, ondoka hapo."

"Chimba kwanza. Finya udongo. Ukisambaratika, nitaiwasha mwenyewe."

Mdogo mtu alichimba kwa hasira. Akafinya. Udongo ukashikana donge, maana yake mizizi bado ilikuwa na maji. Watu walikuwa wakitazama. Aliona haya, na haya ikazidi akili. Akamsukuma kaka yake hadi chini, akawasha.

Fundi akainuka, akajipangusa vumbi, akaondoka. Alikuwa na hofu, wala si ya ugomvi, bali ya maji kwisha.

Siku ya tatu pampu ikakohoa, ikavuta hewa. Kisima cha mdogo mtu kilikuwa kimekauka, na nyanya zake zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa maua.

Cha Fundi kilibaki na mafundo mawili. Mawili, wasikilizaji. Yangetosha shamba moja, nayo kwa shida. Fundi akaamua kung'oa nusu ya nyanya zake. Nusu nzima! Mipira yake yenye vitundu, inayodondosha maji shinani, akaivusha mpaka kwa mdogo wake. Wakamwagilia jioni tu, tena penye udongo mkavu tu.

"Niling'oa nikilia," mkewe alituambia. "Nilimwuliza, na sisi tutakula nini? Akasema, tutakula nusu."

Walivuna wote wawili, kidogo kidogo. Mwaka uliofuata majirani nao wakanunua mipira na kupeana zamu.

Mdogo wake aliongea nasi jana, kofia mkononi. "Nilibadilika kabisa. Ila neno "samahani" sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba anajua. Miaka tisa tumekula sahani moja. Sasa nimwambie nani?"



Kwa mjane, watoto wanne na mdogo wa marehemu: poleni sana, msiba huu ni wetu pia. Nawe unayetusikiliza shambani, kadiria maji yako, maana jirani anayanywa hayohayo. Na kama yupo aliyekubeba siku ulipomkosea, usingoje kuja kumsifu redioni. Mwendee leo, angali anasikia.