Milingoti ya Mwenzako: Neno la Wapandisha Milingoti wa Tullabindi

Mgeni rasmi, Bibi Rosalind Achterberg, Mwenyekiti wa Mfuko wa Viwanja vya Bonde, diwani wetu, viongozi wa vilabu vyote viwili, walimu, wazazi na watoto:

Kabla ya yote tunawaamkia Wawiradjuri, wenye nchi hii tuliyosimama juu yake, wazee wao waliotangulia na walioketi nasi leo.

Makaribisho

Karibu Tullabindi, na pole kwa safari. Kiti ulichokalia ni cha klabu ya Korongo, na meza iliyo mbele yako ni ya klabu ya Mafahali. Pai ulizoandaliwa zimepikwa na wanawake wa pande zote mbili, nusu kwa nusu, na tunakuomba usiseme zipi zimekuwa tamu zaidi. Hatukuwa na njia nyingine ya kukupokea ambayo isingezua maneno.

Sisi ni akina nani

Sisi ni watu mia sita na arobaini, na uwanja wetu ni mmoja. Jumamosi Mafahali huchezea hapa raga ya ligi, mchezo ambao mpira hurushwa nyuma na mtu hukimbia mbele. Jumapili Korongo huchezea hapa mpira wa Kiaustralia, mchezo ambao mpira hupigwa juu na watu huufuata huko huko juu. Raga inataka milingoti miwili yenye boriti katikati, kila upande. Mpira wa Kiaustralia unataka milingoti minne iliyosimama peke yake, kila upande. Kwa hiyo hakuna mlingoti wa kudumu katika uwanja huu. Yote hukaa katika mashimo ya chuma yaliyozikwa ardhini, hupandishwa na kushushwa kila wiki.

Zamani kila klabu ilipandisha ya kwake. Mwaka 1957 milingoti ya Korongo ilikutwa imekatwa kwa msumeno, na wiki iliyofuata ya Mafahali ikakutwa kwenye mfereji wa maji. Mtunza uwanja wa wakati huo aliwaita wote akawaambia, "Kuanzia sasa kila mtu atapandisha ya mwenzake. Nione kama mtu atakata alichokisimamisha kwa mgongo wake mwenyewe." Tangu hapo, Ijumaa jioni Korongo ndio wanaosimamisha milingoti ya raga, na Jumamosi baada ya mechi Mafahali ndio wanaosimamisha ile minne. Haijakatwa tena.

Haina maana kwamba tunapendana. Hata kwenye kamba za kupandishia hatunyamazi.

"Vuta, Korongo! Au mmezoea kufukuza nzi tu?"

"Tunavuta, bwana. Nyie shikeni vichwa vyenu visigongane."

Mtunza uwanja wetu wa leo ni Coral Ingram, ambaye wadogo na wakubwa tunamwita Shangazi. Ana miaka thelathini na moja katika kazi hii. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kuchora duaradufu ya uwanja wa mpira wa Kiaustralia kwa misumari miwili na uzi wa kufungia marobota, akakosea msimu mzima, kisha hakukosea tena. Baba yake alikuwa Fahali, mama yake alikuwa Korongo, na yeye hajawahi kuonekana amevaa rangi yoyote ila kijivu.

Mafanikio yetu

Mgeni rasmi, tuliambiwa tutaje makombe. Yapo machache kabatini, unaweza kuyatazama. Tungependa kutaja jambo moja tu, nalo lilitokea Julai ya mwaka jana.

Ijumaa ile tulimzika Merv Kitto, aliyechezea vilabu vyote viwili katika maisha yake na kutukanwa na vyote viwili. Mji mzima ulikuwa makaburini, na milingoti haikuguswa. Kesho yake alfajiri kulikuwa na ukungu mzito hata mtu hakuona kiganja chake. Kikosi cha Korongo kilikuja kufanya kazi ya jana, kikaanzia upande wa kaskazini, kwenye maghala ya nafaka, kikasimamisha milingoti ya raga. Kikosi cha Mafahali nacho kilikuwa kimesikia kwamba mechi ya raga imeahirishwa kwa sababu ya msiba. Kikaja, kikaanzia kusini, kwenye miti ya mtoni, kikasimamisha ile minne ya Jumapili. Vikosi viwili vilifanya kazi saa nzima katika uwanja mmoja, kila kimoja kikidhani kelele za mwenzake ni mwangwi wake.

Mechi haikuwa imeahirishwa. Ukungu ulipoinuka, basi la watoto wa Gidgell, mji wa jirani, waliokuja kucheza raga, lilikuwa limesimama langoni, na uwanja ulikuwa na raga upande mmoja na mpira wa Kiaustralia upande wa pili.

Ulizuka ugomvi mkubwa. Wade Kitto, mtoto wa marehemu na katibu wa Mafahali, ndiye anayewasomea maneno haya, na anakiri kwamba sauti yake ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote. Shangazi Coral alikuja na mashine yake ya chokaa, akasimama katikati, akatazama kaskazini, akatazama kusini. Kubadili upande mmoja ni kazi ya saa nzima, na basi la Gidgell lilikuwa na saa mbili tu.

"Acheni kama ilivyo," alisema. "Watoto wamekuja kucheza."

Mwamuzi, Bwana Errol Pike, alimuuliza, "Shangazi, nipulize kwa sheria gani?"

"Puliza mtu akiumia."

Watu wazima walikuwa bado wanabishana, kumbe watoto wamekwisha kukubaliana. Tahnee Kitto, mwenye miaka kumi na miwili, mjukuu wa yule tuliyemzika jana yake, aliwakusanya wa kwetu na wa Gidgell akawaambia, "Mkienda kwenye maghala, ni raga, mpira unarudi nyuma. Mkienda mtoni, pigeni mbele na rukeni. Mkivuka mstari wa kati, mnabadilika. Mmeelewa?"

Mtoto mmoja wa Gidgell alisema hajawahi kucheza hiyo nyingine.

"Utaipenda," Tahnee alimwambia. "Usipoipenda, rudi maghalani."

Wakacheza. Mgeni rasmi, hatujui kuandika vizuri tulichokiona, lakini tutajaribu. Walipovuka mstari wa kati hawakusita. Watoto waliokuwa wamejipanga kama ukuta walifunguka kama ndege waliotishwa, kisha wakirudi walifunga tena ukuta, na hakuna aliyewaamrisha. Shangazi Coral alikuwa amesimama kwenye uzio. Mistari ile alikuwa ameichora yeye kwa miaka thelathini, ya raga ndani ya ile ya duaradufu, na siku zote aliona michoro miwili. Asubuhi ile, alituambia baadaye, aliona mmoja.

Karibu na mwisho, Tahnee aliupiga mpira juu kuelekea mtoni. Chini ya mpira ule alikuwa Semisi, mvulana mnene wa safu ya mbele wa Gidgell, ambaye kwa maneno ya mama yake mwenyewe miguu yake haijawahi kuachana na ardhi. Aliruka. Goti lake liligusa bega la mtoto aliyekuwa mbele yake, akaenda juu zaidi, akaudaka mpira kwa mikono miwili, akakaa huko. Alikaa hewani kwa muda ambao mpaka leo hatujakubaliana urefu wake. Kisha akashuka, akautazama mpira mikononi mwake kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenyewe.

Wewe ni mtu wa bonde hili, unajua desturi yetu: magari huzunguka uwanja, na jambo zuri likitokea tunapiga honi. Siku ile kulikuwa na magari sabini. Hakuna honi iliyolia.

Kwenye uzio walikuwapo pia wageni wawili waliokuja kumtazama Tahnee, mmoja ametumwa na wakubwa wa raga, mmoja na wakubwa wa mpira wa Kiaustralia. Kila mmoja alikuwa na daftari.

"Hii ni nini?" mmoja alimuuliza mwenzake.

"Sijui, bwana. Andika tu."

Hawakuandika. Tuliwaona.

Changamoto

Habari ile ilisambaa, nasi tukawa mji unaogombewa. Jumatatu huja gari la mchezo mmoja shuleni na kugawa mipira. Jumanne huja la mchezo wa pili na kugawa soksi. Hatuwalaumu. Wanatafuta watoto, na watoto hawatoshi. Zamani wa umri wa Tahnee walikuwa sitini, sasa ni ishirini na watatu. Tumewahesabu kwa majina. Tisa hucheza raga tu. Saba hucheza mpira wa Kiaustralia tu. Saba hucheza yote. Klabu ikikosa mtu, huazima kwa mwenzake, na anayeazimwa huenda akinung'unika na kurudi akicheka.

Ndipo ikaja barua ya Mfuko wako, ambao tangu mwaka jana ndio wenye mamlaka juu ya viwanja vyote vya bonde. Barua ilikuwa ya heshima. Ilituahidi taa, uzio mpya, na vyumba vya wasichana kubadilishia nguo, ambavyo tunavihitaji kweli, maana sasa hubadilishia katika banda la trekta. Ilitaka jambo moja: tuutaje mchezo mmoja utakaoshika uwanja miaka thelathini. Milingoti ya mchezo huo ingesimamishwa daima, na mashimo ya mwingine yangejazwa saruji.

Tulikutana ukumbini, wapiga kura mia moja na kumi na wanane. Hatutarudia yote yaliyosemwa, kwa sababu wengine tumekwisha kuombana radhi. Kura zilipohesabiwa zilikuwa hamsini na tisa kwa hamsini na tisa. Zikahesabiwa mara tatu. Mwishowe tukaona kuna mtu mmoja tu pale ukumbini ambaye hakupiga kura, tukampa Shangazi Coral karatasi, tukamwambia atakaloandika tutalikubali. Tulimpa wiki tatu, ambazo zinaisha leo.

Hatukumwacha apumue. Kila mtu alikuwa na neno.

"Shangazi, andika raga tu, tumalize."

"Shangazi, mama yako angekuwa hai ungemwambia nini?"

Naye aliwajibu wote, "Ngojeni nikate nyasi kwanza." Alizikata. Tulimwona akitembea juu ya mistari yake, ya ndani na ya nje, karatasi ikiwa mfukoni, akisimama kwenye kila shimo la chuma na kulitoa majani kwa kidole. Mashimo ni kumi na mawili. Yoyote ambayo angeandika, ama manne ama manane yangezikwa kwa mkono wake.

Leo asubuhi alituita bandani akaweka karatasi juu ya trekta. Pale palipoandikwa *Mchezo utakaoshika uwanja*, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SIJUI.

"Shangazi, hilo si jibu," Wade alimwambia.

"Ndilo nililo nalo. Nimeutunza miaka thelathini na moja, na nilichokiona Julai sikijui jina. Anayejua aandike yeye. Kalamu hiyo hapo."

Wade aliichukua kalamu. Sote tulijua angeandika nini, maana alikuwa akilisema wiki tatu mfululizo. Aliishika muda mrefu. Kisha akainama, na chini ya neno la Shangazi akatia sahihi yake. Baada yake akaja Lorraine Scully, mwenyekiti wa Korongo, ambaye hakuwa amezungumza na Wade tangu siku ya kura. Baada yake tulipanga foleni mpaka nje ya banda.

Maombi yetu

Mgeni rasmi, karatasi ndiyo hiyo mezani. Ina sahihi mia moja na kumi na nane, na ya Shangazi.

Tunaomba uipokee kama jibu. Hatukuitania barua yako. Ni neno la kweli kuliko yote tuliyoweza kuandika.

Ikiwa taratibu za Mfuko hazina nafasi ya neno kama hilo, tunaelewa. Taa wapeni Gidgell, wanazihitaji, nasi tutakwenda kuziona. Kama ipo njia ya kupata vyumba vya wasichana bila masharti, tutashukuru, na matofali tutabeba wenyewe.

La mwisho ndilo lililotuleta hapa. Tunajua una uwezo wa kuchagua bila sisi. Kwa mujibu wa barua, unao kuanzia kesho. Tunaomba usiutumie. Tuachie mashimo kumi na mawili yakiwa wazi, na mgongo wa kuyatumikia tutautoa sisi.

Tamati

Mvua ikutangulie kila uwanja utakaoukagua, na isikunase njiani. Mikono iliyokuandalia chakula leo isikose nafaka, na ya kwako isikose wa kuipokea.

Tungeendelea, lakini leo ni Ijumaa na jua limefika juu ya miti ya mtoni. Kesho kuna raga, na milingoti ya Mafahali bado imelala kwenye nyasi. Tunaomba ruhusa yako tukomee hapa. Korongo, njooni kwenye kamba.

Ni sisi,
Wapandisha Milingoti wa Tullabindi,
Mafahali na Korongo.