Mama Funguo na Vyumba vya Watu Wanne

Miaka thelathini na tatu na miezi miwili. Huo ndio utumishi wa Msimamizi Mkuu wa Malazi wa chuo chetu, ambaye Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, atakabidhi funguo za mabweni sita na kwenda kupumzika. Jina lililoandikwa kwenye faili lake halitumiwi na mtu. Wanafunzi, wahadhiri, wapishi na walinzi wa getini wote wanamwita Mama Funguo, na akipokea simu ya ofisi yeye mwenyewe hujitambulisha hivyo hivyo.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa tumekaa meza kwa meza kwa miaka sita. Niseme mapema, ili asije mtu akanisuta ukumbini: mimi nililetwa chuoni ili nimwondolee kazi yake. Nilishindwa, na nashukuru Mungu kwamba nilishindwa.

Alianza chini kabisa, stoo ya mashuka, akigawa mashuka mawili na foronya moja kwa kila mwanafunzi. Chuo chetu kiko hatua mia tatu tu kutoka baharini, na chumvi ya bahari haina adabu. Inakula kufuli, vitasa, bawaba, hata miguu ya vitanda. Mwaka wake wa pili kazini, siku ya kufungua chuo, ghorofa nzima iligoma kufunguka. Kufuli zilikuwa zimeshika kutu likizo nzima, na wanafunzi themanini walikuwa wamesimama koridoni na masanduku yao, wazazi wakianza kunung'unika. Mafundi walitaka kuvunja milango. Yeye akatoka stoo na chupa ya mafuta ya kupikia na unyoya wa kuku, akaenda mlango kwa mlango, akipaka na kubembeleza, na kabla ya saa sita mchana kila mtu alikuwa amekaa kwenye kitanda chake. Kesho yake akapewa shada zima la funguo na hakulirudisha tena.

Lakini sifa yake kubwa haiko kwenye funguo. Iko kwenye namna anavyopanga vyumba.

Vyumba vyetu ni vya watu wanne. Kila mwaka, wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, Mama Funguo huwafukuza wapishi kwenye bwalo la chakula, kwa heshima zote lakini huwafukuza, kisha hutandaza fomu za wanafunzi wapya juu ya meza zote na kuanza kuzihamisha moja moja. Sharti lake la kwanza ni kwamba wanne hao wasiwe wametoka sehemu moja, wala shule moja, wala wasisome somo moja. Sharti la pili ni la kwake peke yake: kila chumba kiwe na mtu anayeamka mapema, mtu anayejua kushika sindano na pasi, mtu anayejua kuogelea, na mtu wa kuchekesha. Kwa ajili hiyo aliongeza maswali kwenye fomu kwa mkono wake. Moja linauliza kama mwombaji akiwa na mawazo hunyamaza au huongea. Mkuu wa kitivo mmoja alilalamika kwamba hilo si swali la kitaaluma. Mama Funguo alimjibu kwamba na kulala si jambo la kitaaluma, ila wanafunzi wake wanalala.

Mchekeshaji alikuwa anamjuaje? Kwa mwandiko, ndivyo anavyodai. Mimi sijawahi kuamini, ila sijawahi pia kumkamata amekosea zaidi ya mara moja. Mara hiyo aliweka wakimya wanne chumba kimoja. Mpaka muhula unakwisha walikuwa wanawasiliana kwa vikaratasi vilivyobandikwa kabatini, kwa adabu kubwa, wakiombana dawa ya meno. Alipogundua aliwaendea, akawaomba radhi, akamtoa mmoja wao na kumwingiza mle dada mwenye kicheko cha kusikika mpaka maktaba. Vikaratasi vikaisha wiki hiyo hiyo.

Na maisha yaliyotoka humo, jamani! Jumamosi asubuhi ungeona vyumba vizima vikishuka ufukweni, mwogeleaji mbele, na nyuma yake watu wa milimani ambao hawajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Chumba namba kumi na saba kimetuletea ushemeji: mmoja wao aliolewa na kaka wa mwenzake, na watoto wake leo wana shangazi mmoja na mama wadogo wawili ambao hawana hata lugha moja ya nyumbani inayofanana.

Kisha nikaja mimi na kompyuta yangu. Uongozi ulitaka wanafunzi wachague wenyewe watu wa kukaa nao, na mfumo nilioutengeneza ulipanga mabweni yote kwa dakika arobaini, kazi iliyomchukua Mama Funguo siku saba. Nilipewa barua ya pongezi. Yeye alinipongeza pia, akanipa chai, akaanza kuniita Bwana Kompyuta, jina ambalo mke wangu analitumia mpaka leo akitaka kuniudhi.

Furaha yangu ilidumu wiki nne. Watu walikuwa wamechagua kama watu wanavyochagua: wa visiwani na wa visiwani, wa mjini na wa mjini, wageni kutoka nchi za nje na wageni wenzao, wenye uwezo na wenye uwezo. Bwaloni ungeweza kujua kwao mtu kwa meza aliyokalia. Ua wa Bweni la Pili una kamba sita za kuanikia nguo, na kila kamba ikapata wenyewe. Siku moja shuka la mtu lilikutwa limeanikwa kwenye kamba isiyo yake. Shuka tu, tena safi. Tulimaliza siku hiyo na vijana wawili zahanati, mmoja kashonwa nyuzi tatu kwenye nyusi.

Kamati ya Wanafunzi na Malazi ikaitishwa, na pendekezo lililoletwa lilikuwa kwamba kila kundi lipewe bweni lake rasmi, kwa ajili ya amani. Wajumbe wengi walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Mama Funguo, ambaye kwa miaka yote alikuwa akizungumza kwenye kamati hiyo kuhusu magodoro tu, akasimama. Aliomba apewe Bweni la Tatu kwa mwaka mmoja, alipange kwa namna yake, na kitabu cha malalamiko kiwe shahidi. Kama malalamiko ya bweni lake yatazidi ya bweni lolote lingine, yeye ataandika barua ya kuacha kazi, na chuo kigawe wanafunzi kitakavyo.

Nilitoka kikaoni nikipiga hesabu ya atakachopoteza. Alikuwa amebakiza miaka mitano kustaafu. Nyumba anayokaa nyuma ya Bweni la Kwanza ni ya chuo, na anayeacha kazi huitoa ndani ya siku thelathini. Mzee wake, ambaye ni seremala, ana meza yake ya kazi pale barazani, na binti yao wa mwisho alikuwa anaelekea kwenye mtihani wa kumaliza sekondari. Nilimfuata faraghani nikamsihi aondoe kauli yake. Aliniambia nikaangalie nyaya zangu.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhesabu malalamiko. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafungua kitabu cha Bweni la Tatu huku nimefumba jicho moja. Huyu anakoroma. Yule anapiga simu nyumbani kwa lugha isiyoeleweka, tena kwa sauti, na hakika anawasengenya. Mwingine anasali alfajiri na kuwaamsha wote, mwingine anarudi na mchanga wa ufukweni mpaka kitandani. Malalamiko arobaini na moja kwa mwezi mmoja! Mabweni mengine hayakufika hata ishirini. Nilimpelekea takwimu nikiwa na uso wa msiba. Akasema wanaolalamikiana angalau wanajua kwamba wenzao wapo, akaendelea kuhesabu foronya.

Kuanzia muhula wa pili maandishi yakaanza kubadilika, na mimi sikuona, kwa sababu nilikuwa nahesabu tu. Kuhesabu ndiko nilikokuwa nimetumwa.

Mwisho wa mwaka nilihesabu mara tatu, nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea. Bweni la Tatu lilikuwa na malalamiko mia moja na kumi na saba. Lililolifuata lilikuwa na mia moja na mawili. Nilisimama mbele ya kamati nikasoma namba hizo, na Mama Funguo akachukua mkoba wake, akaagana na wajumbe kwa heshima, akaanza kwenda mlangoni.

Sijui ujasiri niliupata wapi. Niliomba ruhusa nisome malalamiko yenyewe, si idadi yake, na nikafungua kitabu kuanzia muhula wa pili. Chumba cha nne: mwenzetu ana pumu na dirisha lake halifungi, fundi ameitwa mara mbili hajaja, tunauliza mnangoja nini. Chumba cha tisa: mwenzetu kafiwa na bibi yake na hana namna ya kufika kwao, tunaomba afunguliwe ofisi apige simu. Chumba cha ishirini: mwenzetu mgeni amedharauliwa dirishani kwa mhasibu kwa ajili ya matamshi yake, sisi watatu tunataka aombwe radhi, na tutakuja wote watatu kusikiliza. Niliendelea hivyo ukurasa baada ya ukurasa. Katika malalamiko hamsini na mawili ya nusu ya pili ya mwaka, mtu aliyelalamika kwa ajili yake mwenyewe alikuwa mmoja, na alikuwa analalamikia maji ya kuoga.

Mwenyekiti wa kamati ni profesa wa hesabu, mama ambaye hatoi tabasamu bila ushahidi. Aliomba kitabu akakisoma mwenyewe, muda mrefu, kurasa zikisikika. Kisha akavua miwani na kusema kwamba kuanzia mwaka unaofuata mabweni yote sita yatapangwa na Mama Funguo, na mfumo wangu utamsaidia kuandika lebo za milango. Wajumbe walipiga makofi. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Mama Funguo hakupiga makofi. Kesho yake asubuhi aliweka bahasha mezani kwangu. Goti lake halipendi ngazi, kwa hiyo barua zote za kwenda Utawala huwa nazipeleka mimi. Alisema alishatoa neno mbele ya watu kumi na wawili, idadi imemzidi, na mtu mzima hachezi na neno lake. Nilimwambia sawa, Mama. Nikapanda ngazi mpaka katikati, nikamfikiria yule binti na daftari zake, na mzee na meza yake barazani, nikageuka. Bahasha nikaiweka chini ya droo yangu ya mwisho.

Mwezi ulipopita aliniuliza kama wamejibu. Nikasema bado inashughulikiwa. Hapa napenda kuishukuru kwa dhati Ofisi ya Utawala, kwa maana sifa zenu zilinisaidia: hakushuku hata kidogo. Aliuliza tena baada ya miezi sita, na baada ya mwaka, kisha akajiambia kwamba labda wamemkatalia kimyakimya, akaacha kuuliza.

Kwa miaka minne aliyofanya kazi bila kujua, amepanga vyumba elfu moja na mia mbili. Kamba za Bweni la Pili sasa zinaanika nguo za yeyote anayewahi jua. Binti alifaulu na yuko chuo kingine, mwaka wa tatu, anakaa na wenzake watatu wasiofanana naye kwa lolote na anampigia mama yake simu kuwalalamikia na kuwasifu katika pumzi moja. Na mimi nimefundishwa. Mwaka huu nilitandaza fomu peke yangu bwaloni, yeye amekaa kwenye kiti na chai yake, na alibadilisha vyumba viwili tu. Sitasema vipi, nina heshima yangu.

Mama, wenzako wa stoo, mafundi, walinzi, wapishi uliowafukuza kila mwaka, na maelfu uliowalaza chini ya dari moja wanakushukuru. Nenda na mzee wako kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, mkae kwa afya, na siku zenu ziwe ndefu na nyepesi. Tutakukumbuka kwa furaha.

Mimi nina jambo moja tu la kumalizia. Leo asubuhi, kabla ya kupeleka ukurasa huu kwa mchapaji, nilipanda ngazi mpaka juu kabisa nikaikabidhi bahasha yako. Karani wa masjala aliigonga muhuri, akaangalia tarehe, akaniambia anazo za zamani kuliko hiyo. Kwa hiyo nakuarifu rasmi, mbele ya wote: barua yako ya kuacha kazi imepokelewa, na ombi lako limekubaliwa, kuanzia Ijumaa saa kumi alasiri. Neno lako umelitimiza, Mama. Aliyechelewa ni mimi.