Harlan na Nguruwe Waliokakamaa

Harlan alikufaje? Mama yake aliuliza hivyo mwaka wa sabini na nne, kwenye korido ya hospitali, na hakuna aliyemjibu. Kijana mzima kaingia kutolewa kidole tumbo, katoka maiti, kakakamaa, mwili unachoma kama jiko. Tangu hapo swali lilihamia benchi la nje ya duka la chakula cha mifugo, kaskazini-magharibi mwa Iowa, Marekani, likawa linajibiwa na wazee kila asubuhi, ovyo. Leo Tressa, anayesomea udaktari wa mifugo, alimleta babu yake Verlyn, mdogo wake Harlan. Alhamisi Verlyn anapasuliwa ngiri. Tressa akamiminiwa kahawa nyepesi ya kuonea kitako cha kikombe, akasikiliza, akikunja uso.

— Kabichi chachu, alisema Gerrit, aitwaye Mizani kwa kukadiria uzito wa nguruwe kwa jicho. Ilichemka tumboni.

— Usitupige kamba! alisema Lowell Fito, mrefu kuliko mlango. Zile taa za upasuaji zilimwivisha.

— Daktari alikuwa Mlutheri, si wa kanisa letu, alisema Verlyn.

Wote wakatikisa vichwa kukubali, hoja ina uzito.

Tressa aliwaza: kakakamaa, mwili kuchoma kama jiko.

— Babu, wale nguruwe wenu wa zamani, waliokuwa wakifa wakipakiwa lorini?

Kijiwe kikachangamka. Kwenye nguruwe hawa wazee hawakosei.

— Wakishtuka tu, wanakakamaa kama mbao, wanachemka, kwisha! alisema Mizani. Tuliwapima wakingali wadogo. Unamvisha barakoa ya gesi ya usingizi, ile ile ya hospitalini, anayekakamaa, humzalishi. Ni kitu cha ukoo.

— Kinatoka wapi?

— Si msuli una ghala la kalsiamu, alisema Verlyn, na mlango wake ni protini. Mlango ukifunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unajikaza. Ukifungwa, inarudishwa, unalegea. Wale mlango wao mbovu. Gesi ikiugusa haufungi, msuli unajikaza mpaka unajipika.

— Na mtu anao mlango huo?

— Wewe naye! Ungeinuaje hicho kikombe?

— Basi mmepima kila nguruwe wa kata hii. Kwenye ukoo wetu, baada ya Harlan, alipimwa nani?

Verlyn akaweka kiganja juu ya ngiri yake, akakiacha hapo.

Tressa alimnyooshea simu.

— Babu, mpigie daktari wako sasa hivi. Mwambie Harlan alivyokufa, wasikulaze Alhamisi kwa gesi ile ile.